Je, Wajua? Nyumba Nzima, S.L.P. Moja

Je, wajua kwamba kwenye intaneti nyumba yako huwa na mkazi mmoja tu? Kompyuta ya mezani ya watoto, laptopu ya mama, simu nne na televisheni, vyote kwa kawaida huonekana huko nje kwa anwani moja. Waliosoma bweni watanielewa upesi: wanafunzi mia sita, S.L.P. moja, na mwalimu wa zamu anayegawa barua baada ya paredi ya jioni. Mwalimu wa zamu wa nyumbani kwako ni ruta.

Je, wajua anavyojua barua ipi ni ya nani? Bahasha ya shule ina jina la mwanafunzi; pakiti ya intaneti haina. Kwa hiyo ombi linapotoka, ruta hufuta anwani ya kompyuta iliyolituma, huweka yake, hulipa namba ya poti, kisha huandika kwenye daftari lake: poti 40001 ni laptopu ya mama, 40002 ni simu ya Asha. Jibu likirudi kwa 40002, moja kwa moja kwa Asha. Namba hizo huanzia 0 hadi 65,535, kwa hiyo daftari lina nafasi ya kutosha. Na pakiti ikibisha hodi bila kuwamo daftarini? Hutupwa. Watu wengi wamekingwa dhidi ya wadukuzi wa rejareja kwa sababu hiyo tu, ingawa waliobuni mbinu hii hawakuwa wakijenga ukuta. Walikuwa wakibana matumizi.

Je, wajua walikuwa wakibana nini? Anwani. Mfumo wa zamani, ambao bado tunautumia, huandika kila anwani kwa biti 32, na hesabu yake yote ni 4,294,967,296. Ilipopangwa, katika miaka ya 1970, nani angewaza kwamba siku moja hata televisheni ingedai ya kwake? Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha waraka wa kurasa chache wa kueleza ujanja huu, na wenyewe wakauita suluhisho la muda mfupi. Ni zaidi ya miaka 30 sasa. Unakijua kile kibanda cha muda kinachojengwa ili fundi apate pa kuweka saruji, halafu wajukuu wanazaliwa humo.

Anwani zenyewe ziliisha kweli: tarehe 3 Februari 2011, ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake matano ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda. La Afrika, AFRINIC, lina makao yake Mauritius.

Je, wajua kwamba inawezekana kabisa wewe na jirani yako mna anwani ileile? Fungua mipangilio ya kompyuta yako. Huenda utakuta 192.168 na namba mbili nyingine. Fungu hilo la anwani 65,536 lilitengwa Machi 1994 kwa matumizi ya ndani, na haliruhusiwi kusafiri kwenye intaneti. Ni kama chumba namba 3. Kila nyumba ya kupanga inacho, na hakuna tarishi anayechanganyikiwa, maana namba hiyo haitoki nje ya geti.

Ukiona 169.254 badala yake, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kagua waya na ruta kabla hujapiga simu kufokea kampuni.

Je, wajua kwamba zamani kompyuta moja ndiyo iliyokuwa ruta? Windows 98 Toleo la Pili, la mwaka 1999, ililetwa na uwezo huo: mashine yenye modemu inaunganishwa, nyingine zinapitia kwake. Shida ni kwamba mwenye mashine hiyo akiizima akalale, nyumba nzima imelala.

Kuhusu kuchanganya Windows, Mac na Linux kwenye ruta moja, usihangaike. Lugha ya intaneti haiulizi kabila la mashine. Kigugumizi huanza pale mashine hizo zinapotaka kupeana mafaili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tridgell wa Australia aliandika programu ya kuziba pengo hilo, na alipotafuta jina aliiamuru kompyuta imletee maneno ya kamusi yenye herufi za SMB, lugha ya Windows ya kupeana mafaili, kwa mfuatano. Ikaitwa Samba.

Je, wajua kwamba Mbps 20 si megabaiti 20? Ni biti, na baiti moja ni biti nane. Unapata megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti moja itachukua karibu dakika saba, watoto wakiwa wamelala.

Je, wajua kwa nini mtu mmoja akipandisha video, wengine wote hukwama, hata wanaosoma ujumbe tu? Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys alikutana na kero hiyo akituma mafaili kutoka nyumbani kwake, akaichimba mpaka mzizi. Vifaa vimepewa kumbukumbu kubwa mno ya kupanga foleni. Badala ya kutupa pakiti chache ili mtumaji apunguze kasi, vinazipanga zote, na kaujumbe kako kanasimama nyuma ya video nzima ya harusi. Dawa ni kuweka kikomo cha kasi ya kupandisha kwenye ruta, chini kidogo ya uwezo wa laini. Kwa kaya nyingi hii inafaa kuliko kununua bando kubwa zaidi, ila muuzaji hatakwambia.

Je, wajua kwamba simu ikiwasha hotspoti inageuka ruta, na kampuni inaweza kugundua? Kila pakiti hubeba namba inayopungua kwa moja kila inapopita kwenye ruta. Simu nyingi huanzia 64, Windows huanzia 128. Ikifika mnarani ikiwa 63 au 127, kuna kifaa kingine nyuma ya simu yako.

Na kampuni nazo hufanya ujanja uleule. Fungu la 100.64, lililotengwa Aprili 2012, ni la watoa huduma kuwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja: shule kadhaa zikichangia sanduku la wilaya. Ndiyo maana kamera ya getini mara nyingi haifikiki moja kwa moja ukiwa safarini.

Mfumo mpya, IPv6, una biti 128. Mtandao mmoja wa nyumbani kwa kawaida hutengewa anwani 18,446,744,073,709,551,616. Tazama kwenye simu yako: ukiona anwani ndefu yenye herufi a hadi f na nukta pacha, inayoanza na 2, barua hiyo imekuja na jina lako juu ya bahasha.