Pedali Inazunguka, Gurudumu Limegoma

Mtu akisema baiskeli yake ya umeme "inateleza", muulize kwanza ni nini hasa kinachoteleza. Swali hilo lilituokolea zaidi ya pauni 170 muhula uliopita, na kwa wanafunzi hizo si hela za kuchezea.

Sisi watatu tunatumia baiskeli moja kuukuu hapa Sheffield, mji ambao hutoki nyumbani bila kukutana na mlima. Mota yake ya wati 250, kama sheria ya Uingereza inavyoruhusu, imo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Mwezi Januari ilianza vituko: unakanyaga kwa nguvu, mguu unashuka ghafla kama umekanyaga hewa. Ukiwa umesimama juu ya pedali na basi liko nyuma yako, si jambo la kucheka. Duka moja likatuambia mota imekufa, tununue gurudumu zima kwa pauni 190. Hatukuridhika, maana mota ilikuwa bado inasukuma.

Baiskeli ya namna hii hupeleka nguvu kwenye gurudumu kwa njia mbili. Miguu hupitia cheni na friwili, lile dude lenye gia za nyuma linalolia tiki-tiki-tiki ukiacha kukanyaga. Mota hupitia klachi yake iliyofichwa ndani ya habu. Basi mota ikivuma bila gurudumu kwenda, huku pedali zikishika, ugonjwa umo ndani ya habu. Mota ikisukuma lakini pedali zikateleza, iache mota. Tafuta kwenye cheni au friwili. (Zile zenye mota katikati, penye pedali, ni habari nyingine: mota nayo huvuta cheni, kwa hiyo vyote huteleza pamoja.)

Tulitoa betri. Mmoja akabana breki ya nyuma, mwingine akasukuma pedali kwa mkono, wa tatu akachungulia. Cheni ikiruka juu ya meno, imechakaa yenyewe au yamechakaa meno. Ipime kwa rula: jozi 12 za pingili ni inchi 12 kamili, zikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni imekwisha. Yetu haikuruka. Cheni na gia vilizunguka pamoja, gurudumu likatulia tuli. Friwili hiyo.

Ndani yake mna vikucha vinavyosukumwa na springi vishike meno. Grisi kuukuu ikiganda kwa baridi, vikucha hulala; ndiyo maana asubuhi ilitusumbua kuliko jioni. Tukalaza gurudumu, tukadondosha mafuta ya taa kwenye mwanya wa friwili, tukaizungusha kinyumenyume hadi uchafu ukatoka, kisha mafuta mepesi ya mashine. Matone tu, maana yakipenya kwenye beringi za mota utaponya ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Grisi nzito usitie kabisa.

Ilishika siku tisa, ikateleza tena. Vikucha vilikuwa vimelika, na hapo hakuna dawa ila kubadilisha. Ekseli ya mota ni nene, na kifaa cha kawaida cha kufungulia friwili huenda kisipite, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Hufunguka kinyume cha saa, ila kila ulipokanyaga mlima ulikuwa unaikaza. Ilitaka spana ya mpini mrefu na mikono minne. Mpya tuliipaka hesi zake grisi, tukaianza kwa vidole. Hesi za habu zikikatika, gurudumu la pauni 190 mtalinunua kweli.

Washa zirudi kwa mpangilio uleule na nati zikazwe sana, kwani mota hujaribu kuizungusha ekseli yake na inaweza kuing'oa kwenye fremu, pamoja na waya.

Friwili tuliipata kwa pauni 17, kifaa tuliazima. Jina "vikucha" tumelibuni wenyewe. Mwenye neno la mafundi wa kwao atuletee.