Kilo Sita, Kidonge Kimoja na Nusu

Mtoto wa kilo tano na nusu anayetumia dawa ya VVU ya dolutegravir, kile kidonge cha watoto cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji, hupewa nusu kidonge kwa siku. Akifikisha kilo sita, dozi inapanda hadi kidonge kimoja na nusu. Nusu kilo imeongezeka, dawa imekuwa mara tatu. Mhudumu aliyezoea watu wazima, ambao dozi yao haibadiliki mwaka hadi mwaka, huandika alichokikuta kwenye kadi kisha akaita anayefuata. Mtoto anarudi nyumbani na dawa isiyomtosha, na virusi vinapata nafasi ya kujenga usugu.

Ndiyo maana mafunzo ya huduma ya VVU kwa watoto, katika vituo vya vijijini kama vya Nyamuswa, mkoani Mara, yangepaswa kuanzia kwenye mizani: mtoto avuliwe nguo nzito, mshale uwe kwenye sifuri, uzito usomwe kila hudhurio.

Kupima VVU nako kuna mitego yake. Kipimo cha haraka cha watu wazima hutafuta kingamwili, na mtoto huweza kubaki na kingamwili za mama yake hadi umri wa miezi 18. Kwa hiyo kichanga huchomwa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara kutafuta kirusi chenyewe, kwa kawaida akiwa na wiki nne hadi sita. Haraka hiyo si ya bure. Bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008, ulionesha kwamba kuanza dawa mapema hupunguza vifo vya vichanga kwa asilimia 76.

Lakini majibu yanaweza kufika kituoni mama ameshahama. Barabara itokayo Kisorya, ziwani, ikapita Bulamba na Bunda hadi Nyamuswa, ni njia ya watu wa dagaa na biashara ndogondogo. Leo mama yuko mwaloni, kesho yuko kwao. Mhudumu aliyefundwa vizuri huuliza mapema: “Mama, mwezi ujao utakuwa wapi, na mtoto atabaki na nani?” Mara nyingi jibu ni bibi. Basi bibi naye aitwe, aoneshwe namna ya kukata kidonge na kukiyeyusha.

Yote hayo hufundishika kwa wiki moja. Kinachowashinda wengi ni kuzungumza na mtoto. Mtoto wa miaka tisa ameambiwa nyumbani kwamba anakunywa dawa za kifua, naye hakohoi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unataka watoto wa umri wa kwenda shule waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe hatua kwa hatua kadiri wanavyokua. Walezi wengi wanaogopa, na sababu wanayo: mtoto atasema shuleni, au atauliza aliambukizwaje, na swali hilo linamgusa mama moja kwa moja.

Katika mazoezi, mhudumu mmoja huigiza mtoto. “Kwa nini ni mimi tu ninayekunywa dawa, dada hanywi?” Asiyefundwa hukimbilia kujibu, au humtazama mlezi. Jibu zuri ni swali: “Wewe unadhani ni za nini?” Mara nyingi mtoto anajua zaidi ya tunavyodhani. Mdogo huelezwa kwamba damuni mwake kuna mdudu aliyelala, na dawa ndiyo inayomfanya asiamke. Jina la mdudu litakuja baadaye, mlezi akiwa ameshakubali na yupo.

Kwa maoni yangu, ujuzi huu haupatikani kwenye semina ya hotelini. Unapatikana mkufunzi akikaa benchi moja na muuguzi, kliniki inaendelea, watoto wanalia. Vituo vya Baylor vya huduma ya VVU kwa watoto, vya Mwanza na Mbeya, vilivyofunguliwa mwaka 2011, vimewaelekeza wahudumu wengi kwa njia hiyo. Na wafundishwe zaidi ya mmoja kila kituo, maana uhamisho hauna taarifa ndefu.

Bila wahudumu wa namna hiyo, ahadi hubaki maneno. Februari 2023 mawaziri na wawakilishi wa nchi 12 za Afrika walikutana Dar es Salaam kuahidi kumaliza UKIMWI kwa watoto. Duniani, mwaka 2022, asilimia 57 tu ya watoto wenye VVU walikuwa kwenye dawa, dhidi ya 77 ya watu wazima.

Wanaobaki kwenye dawa hukua na kwenda shule, wengine za bweni. Kopo la vidonge linalotoa sauti kwenye sanduku la bati humfanya mwanafunzi aache kumeza, kwa hiyo mhudumu aulize dawa zitakaa wapi na nani pale shuleni anaaminika. Tarehe ya kurudi kliniki nayo ipangwe kwa kuangalia kalenda ya likizo, na dawa zitolewe za kutosha hadi siku hiyo.