Malale: Kimelea Chenye Makoti Mengi



Mwezi huu tunazungumzia malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Sisi wa Babati ni majirani wa Hifadhi ya Tarangire, na wengi wetu huingia porini kuchunga na kurina asali. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao Ulaya wakiwa na ugonjwa huu.

Huenda ukauliza: mbona surua ina chanjo, malale haina? Jibu limo ndani ya kimelea chenyewe.

Maagizo ya urithi hukaa ndani ya chembe hai, katika nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu. Fikiria kamba ya kufungia ng'ombe: ncha isipopigwa fundo, hufumuka. Kromosomu nazo zina kinga nchani, lakini chembe inapojigawa kinga hiyo hupungua kidogo. Kimeng'enya kiitwacho telomerasi hurudisha kilichopungua. Dalili yake ya kwanza ilionwa Siku ya Krismasi 1984 huko Marekani na Carol Greider, mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn. Mwaka 2009 wote wawili, pamoja na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobeli.

Kimelea cha malale nacho kina telomerasi. Mwili wake umefunikwa na koti la protini. Kina maagizo ya makoti zaidi ya 1,000, lakini agizo la koti linalovaliwa huwa karibu na ncha ya kromosomu, ile ile inayotunzwa na telomerasi. Askari wa mwili wetu wanapolitambua koti hilo, baadhi ya vimelea vimekwisha kuvaa lingine. Chanjo ya koti moja haiwezi kufaa.

Basi tujikinge wenyewe. Tukienda porini tuvae nguo za mikono mirefu, zisizo za buluu wala nyeusi, kwa maana rangi hizo humvuta mbung'o. Ukipata homa na maumivu ya kichwa baada ya kutoka porini, au kidonda pale ulipoumwa, usikae nyumbani ukimeza dawa za malaria tu. Nenda hospitali, mweleze mganga ulikokuwa, upimwe damu. Malale ya kwetu isipotibiwa huua, pengine kwa miezi michache. Tiba ipo: tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya feksinidazoli.

Uhai ni zawadi ya Mungu. Tusiupoteze kwa kuchelewa.