Ufadhili wa kusoma nje kwa mtoto wa mkulima: nani anaupata, na anaanzia wapi

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, meseji kutoka Mlandizi, Soga, Mzenga na Maneromango hutuuliza jambo moja: mtoto amefaulu, nyumbani hatuna kitu, je, ni kweli kuna vyuo vya nje vinavyosomesha bure?

Ni kweli vipo. Lakini ni vichache, ushindani ni mkali, na wengi wetu tunaanza kuulizia wakati dirisha limeshafungwa. Wapo pia matapeli wanaoishi kwa swali hilo hilo. Soma taratibu, na mwenye simu amsomee asiye nayo.

Ufadhili wa aina mbili

Upo ufadhili unaotolewa kwa ufaulu peke yake. Na upo unaotolewa kwa kuangalia kipato cha familia. Huu wa pili unafanana na Bodi ya Mikopo (HESLB): unaeleza hali ya nyumbani, wao wanapima uhitaji. Tofauti ni kwamba huu haurudishwi.

Hesabu yake ni rahisi. Chuo kinachukua gharama ya mwaka mzima, kinatoa kile ambacho familia inaweza kulipa, kinachobaki kinabeba chuo. Kwa mfano, gharama ikiwa dola 80,000 na familia ikaonekana inaweza dola 200, chuo kinatafuta dola 79,800. Kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, Harvard ya Marekani haiidai chochote familia ya kawaida yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka. Mkulima wa korosho wa Kisarawe yuko mbali sana chini ya hapo.

Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst pia haviangalii uwezo wako wa fedha wakati wa kuchagua, hata kwa mgeni. Kuomba msaada hakukupunguzii nafasi. Vyuo vingine vingi huangalia. Kazi ni kuingia: Harvard huchukua chini ya watu 5 katika kila waombaji 100.

Milango mingine

Marekani si mlango pekee. Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana kimekuwa kikisomesha vijana wa Afrika wasio na uwezo kupitia mpango wa Mastercard Foundation. Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada kina ufadhili unaopima ufaulu pamoja na uhitaji, na huo unataka mwanafunzi apendekezwe na shule yake.

Kwa aliye kidato cha nne, zipo shule za UWC, ambazo hapa Tanzania zina kampasi Moshi na Arusha. Zinasomesha miaka miwili kabla ya chuo, na misaada yao hutolewa kwa kuangalia kipato. Wanaomaliza huko wanaweza kupata ufadhili wa Davis katika vyuo washirika vya Marekani.

Muda wa kuomba

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kwa vyuo vya Marekani, fomu ya pamoja iitwayo Common App hufunguliwa Agosti 1. Vyuo vingi hufunga kati ya Novemba mosi na mwanzoni mwa Januari. Majibu hutoka kuelekea mwisho wa Machi, masomo huanza Agosti au Septemba.

Sasa linganisha na kalenda yetu. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuomba ni mtoto akiwa bado darasani kidato cha sita, kwa kutumia ripoti za shule na matokeo ya moko. Akisubiri matokeo ya NECTA, itabidi akae mwaka mzima. Na akianza chuo cha hapa nchini, vyuo vingi vya nje vitamhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, ambaye msaada wake mara nyingi ni mdogo.

Tatizo ni kwamba shule zetu haziruhusu simu. Mzazi, kaka au mwalimu awe mikono yake. Likizo ya Desemba itumike kumalizia, isiwe ya kuanzia.

Na usiache kuomba vyuo vya ndani na HESLB. Nafasi uliyoipata hapa usiitupe kwa kungoja jibu ambalo halijaja.

Nyaraka za kuandaa

Ripoti za mihula. Zitunzwe zote kuanzia kidato cha tatu. Iliyopotea, omba nakala kwa mwalimu wa taaluma mapema.

Barua za walimu. Kwa kawaida ni walimu wawili pamoja na mkuu wa shule, nao huzituma wenyewe mtandaoni. Mwalimu awe na barua pepe anayoifungua.

Jina. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA na pasipoti vifanane herufi kwa herufi. Kama "Mwanahamisi" sehemu moja imeandikwa "Mwanaamisi", anza kurekebisha sasa.

Mtihani wa SAT. Vyuo kama Harvard na MIT vinautaka, vingine havilazimishi. Angalia kwanza chuo chako, maana hulipiwa kwa dola.

Kipato. Mkulima hana hati ya mshahara, na hilo si kosa. Andika mapato ya miezi 12: korosho, mihogo, mkaa, vibarua. Ambatisha stakabadhi za AMCOS na barua ya mtendaji wa kijiji. Kama mzazi amefariki, weka cheti cha kifo kutoka RITA. Andika ukweli, na takwimu ziwe zile zile kila fomu. Usijifanye maskini zaidi ya ulivyo. Chuo kikigundua kinaweza kufuta nafasi.

Ada ya fomu. Vyuo vingi vinamsamehe asiye na uwezo. Omba msamaha huo kabla hujalipa.

Wakala na viza

Hakuna chuo kinachouza ufadhili. Anayekwambia "tuma laki sita kwa namba hii, nafasi imebaki moja" anakuibia. Kabla ya kumpa wakala pesa, achilia mbali kuuza shamba, uliza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama anatambulika. Anayekwenda kusoma nje hupitia pia TCU kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi.

Kupata chuo si kupata viza. Tangu 2025 Marekani imekaza masharti kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, na mambo hubadilika ghafla. Kabla ya kulipia mtihani wowote, uliza EducationUSA, ofisi ya ushauri iliyo chini ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Ushauri wao ni bure.

Kama una mtoto kidato cha tano mwaka huu, bado una muda. Wiki hii tafuta ripoti zake, linganisha majina kwenye vyeti, kisha nenda ukaonane na mwalimu wa taaluma. Hayo yote hayahitaji dola hata moja.