Swali la Kiswahili Lijibiwe kwa Kiswahili

Kumezuka katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita tabia ambayo kwa muda mrefu tumeitazama kwa kicheko, na ambayo sasa hapana budi tuitazame kwa makini. Ni tabia ya mtu kuulizwa jambo kwa Kiswahili safi, naye akajibu kwa msemo wa Kiingereza. Mteja anamwuliza fundi cherehani pale Katoro nguo yake itakuwa tayari lini, anajibiwa, "Take it easy." Mzee anauliza katika stendi ya Kahama iwapo basi litaondoka saa mbili, kijana wa tiketi anamwambia, "Time will tell." Mama anamwuliza karani faili lake limefika wapi, karani anainua mabega na kusema, "No comment." Kisha kila mmoja anakwenda zake, aliyejibu akijiona ameelimika, na aliyeuliza akiwa hana jibu.

Hatusemi haya kwa kukichukia Kiingereza. Kiswahili ni lugha yenye tumbo kubwa, na maneno ya wageni hukisaidia. Dhahabu tunayoichimba na zebaki tunayoikamatia tumezipa majina yenye asili ya Kiarabu. Karasha inayosaga mawe na leseni anayodaiwa mchimbaji zimetoka katika Kiingereza. Hakuna mchimbaji wa Nyarugusu anayebabaika akisikia neno karasha, maana mashine yenyewe anaiona kwa macho na vumbi lake analimeza.

Msemo ni jambo jingine. Maana ya msemo haimo ndani ya maneno yake, bali imo katika mazoea ya watu walioutunga. Mtu aweza kuyajua maneno yote matatu ya "Take it easy", kila moja peke yake, na bado asijue ameambiwa nini. Basi anayejibu kwa msemo wa kigeni hamfungii nje yule asiyesoma tu. Humfungia hata aliyekaa darasani miaka minne.

Watu wengine watasema kwamba haya ni mambo madogo. Tuwape mfano. Katika machimbo madogo mojawapo ya Geita tulielezwa habari ya vijana wanne waliokuwa wakichimba katika duara la mtu. Walimwuliza mwenye duara iwapo watalipwa mwisho wa juma. Akajibu, "Fifty-fifty." Yeye alikuwa na maana kwamba huenda wakalipwa na huenda wasilipwe, kwa kuwa mawe yalikuwa hayajafika karashani. Vijana walielewa kwamba watagawana naye mifuko ya mawe nusu kwa nusu, wakashuka duarani siku tatu kwa bidii isiyo na mfano. Mawe yalipopanda, kila upande ukadai haki yake, na ugomvi ukafika katika ofisi ya kijiji, ambako wazee walitumia asubuhi nzima kutafuta maana ya maneno mawili. Hapakuwa na mwongo kati yao. Laiti yule bwana angesema "Huenda", jasho la siku tatu lisingegeuka kuwa kesi.

Katika machimbo hayohayo kijana mmoja mpenda sinema alimwambia mwenzake aliyekuwa akifunga kamba kiunoni tayari kushuka, "Break a leg." Waingereza husema hivyo kumtakia heri mwigizaji anayepanda jukwaani. Mwenzake, aliyefika kidato cha pili, alifasiri neno kwa neno kuwa ameambiwa avunjike mguu. Akafungua kamba na kukataa kushuka siku hiyo. Watu walimcheka. Lakini mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangalata, wilayani Kahama, waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mtu wa nchi hii hawezi kulaumiwa kwa kuogopa neno la kuvunjika mguu akiwa mdomoni mwa shimo.

Wala si kweli kwamba lugha zetu zina upungufu wa majibu. Msukuma akiamkiwa "Mwangaluka" hurudisha "Mwangaluka", na akiulizwa habari hujibu "Mhola". Hodi ina karibu yake, na shikamoo ina marahaba yake. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa na maalimu kwamba salamu hurudishwa kwa iliyo bora zaidi, au angalau iliyo sawa nayo. Ukiulizwa hali ya mgonjwa, una "ana nafuu", una "hajambo kidogo", una "bado tunamwomba Mungu", na kila moja lina uzito wake. Ukitaka kukataa una "la hasha". Ukitaka kumtuliza mtu una "subira yavuta heri". Aliyerithi ghala kama hilo kisha akaenda kuomba punje kwa jirani ana kasumba tu.

Taifa hili lilikwisha kuamua jambo hili zamani. Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, akadhihirisha kwamba hata maneno ya mtunzi mkuu wa Waingereza yanaweza kukaa katika Kiswahili bila kubanwa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mwezi wa Novemba mwaka huo UNESCO ikatangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Itakuwa fedheha iwapo mkulima atasomewa hukumu kwa lugha yake, kisha karani wa dirishani amjibu kwa lugha ya watu wengine.

Hapa yatupasa tujikosoe, maana sisi viongozi wa Chama hatuna mikono safi. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika mkutano wa hadhara wa kijiji kimoja. Bibi mmoja alisimama akauliza pampu ya kisima itatengenezwa lini, kwa kuwa wajukuu wake walikuwa wakitembea mbali kutafuta maji. Hatukuwa na jibu, wala hatukuwa na ujasiri wa kusema kwamba hatuna. Tukamwambia, "Mama, it's under control." Bibi akamgeukia jirani yake, naye akamfasiria kwa kadiri alivyojua: "Anasema Serikali imekwisha kuichukua." Bibi akashukuru, "Wabeja," akaketi. Watu wakapiga makofi. Wakati huo hata barua moja juu ya pampu ile ilikuwa haijaandikwa.

Tangu siku ile tumefahamu kwa nini msemo wa kigeni unapendwa sana na mtu mwenye cheo. Unamwezesha kufungua kinywa bila kusema neno. Kwa Kiswahili tungelazimika kuchagua: "tutaitengeneza mwezi ujao", au "fedha hazipo", au "hatujui, tutauliza". Kila moja katika hayo lingetufunga, na bibi yule angekuwa na haki ya kurudi kutuuliza.

Kwa hiyo tunatoa wito. Walimu waendelee kufundisha Kiingereza kwa bidii, pamoja na misemo yake, ili kijana akikutana na mgeni katika migodi mikubwa azungumze naye bila woga. Wenye maduara na wenye mialo wapatane na vibarua kwa maneno ambayo pande zote mbili zinayaelewa, na mapatano ya malipo yarudiwe mbele ya shahidi. Watumishi wa ofisi zote, tangu kitongoji hadi mkoa, wamjibu mwananchi kwa lugha aliyoulizia. Nasi viongozi, tukiulizwa tusilolijua, tuseme hatulijui. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Bibi yule alitimiza wajibu wake aliposimama kuuliza. Wajibu wa kumjibu ulikuwa wetu.