Kifaa Kinajuaje Kwamba Kadi Imeingizwa?



Madrasa yetu ina kinasa sauti kidogo, ukubwa wake kama sabuni ya kuogea, tunachorekodia darsa za jioni. Kinatumia memori kadi. Jioni moja kadi ilikuwa karibu kujaa, na darsa ilikuwa inakaribia kuanza. Mmoja wetu akaichomoa upesi huku kifaa kikiwaka, akachomeka nyingine iliyokuwa na darsa za miezi minne, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Hakuna taa iliyolalamika. Kesho yake tukafungua kadi ile ya pili na kukuta majina ya mafaili ya kadi ya kwanza! Ya kwake yametoweka, na kila tulichokichagua kilitoa mkwaruzo tu.

Wengi wetu tulisema ni kirusi. Fundi wa redio tuliyempelekea alitikisa kichwa. Alisema kirusi hakimo; kifaa chenu hakikujua kwamba kadi imebadilishwa. Maneno hayo yalitushangaza, na kwa kuwa wengi nyumbani wana simu, kamera au redio zenye kadi, tumeona tuyaeleze hapa.

Kadi za aina ya SD zilitangazwa mwaka 1999 na makampuni matatu, Panasonic, SanDisk na Toshiba. Ile kubwa ina milimita 32 kwa 24 na vibati 9 vya mgusano. Ile ndogo ya microSD ina milimita 15 kwa 11 na vibati 8. Kadi haipigi hodi. Inakaa kimya mpaka iulizwe, kwa hiyo ni kazi ya kifaa kutambua kwamba mgeni yupo, na kazi hiyo inafanywa na programu iliyopandwa ndani ya chipu yake.

Njia iliyozoeleka zaidi ni swichi. Ndani ya tundu la kadi kuna ulimi mdogo wa chuma ambao kadi ikiingia huusukuma. Upande mmoja umeungwa na mguu wa chipu, na mguu huo umevutwa juu kwenye volti 3.3 kwa rizista. Upande wa pili umeungwa na ardhi ya saketi. Vyuma vikigusana, mguu unasoma sifuri. Matundu mengine yametengenezwa kinyume, vyuma huachana kadi inapoingia, na mwandishi wa programu asiyesoma karatasi ya tundu lake hupata kifaa kinachosema kadi ipo wakati haipo.

Njia ya pili haihitaji swichi. Ndani ya kadi yenyewe, nyuma ya kibati kiitwacho DAT3, kuna rizista ya takriban omu 50,000 inayokivuta kibati hicho juu. Mtengenezaji wa kifaa huweka upande wake rizista dhaifu zaidi inayokivuta chini. Tundu likiwa tupu waya husoma chini. Kadi ikiingia husoma juu. Inapunguza gharama, lakini waya huo huo hutumika kupitisha data, kwa hiyo baada ya kuitambua kadi ni lazima iamriwe kuiondoa rizista yake. Sisi tungechagua swichi.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Kifuniko cha sufuria kikianguka sakafuni hakitulii mara moja. Hugonga, huruka, hugonga tena. Vyuma vya swichi navyo hufanya hivyo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Sisi hatuoni kitu, lakini chipu inayofanya kazi mamilioni kwa sekunde huona kadi imeingia, imetoka, imeingia, imetoka. Dawa yake ni subira. Programu huuangalia mguu kila baada ya milisekunde 10, kwa mfano, na haikubali jibu mpaka lije lile lile mara 5 mfululizo.

Hata hivyo subira hiyo ni ya kuingia tu. Kadi inapotoka, dalili ya kwanza kabisa inatosha kusimamisha uandishi. Ikiwa dalili ilikuwa ya uongo tumepoteza nukta moja ya sauti. Ikiwa ilikuwa ya kweli tumeokoa kadi nzima. Programu nyingi hupima pande zote mbili kwa kipimo kimoja, na sisi tunaona hilo ni kosa.

Vifaa vya betri huongeza jambo jingine. Chipu hulala ili kuokoa umeme, na swichi ndiyo huiamsha. Kipande cha programu kinachoamshwa kinatakiwa kifanye kazi fupi mno: kiweke alama kwamba kuna jambo kwenye tundu, kiondoke. Mtoto anayekimbia kuja kusema "kuna mgeni mlangoni" si yeye anayepika chai.

Baada ya hapo ndipo kadi husalimiwa. Hupewa umeme wa volti kati ya 2.7 na 3.6, kisha mapigo ya saa yasiyopungua 74, tena ya polepole, yasiyozidi 400,000 kwa sekunde. Huamriwa ijiweke upya, huulizwa kama inaukubali umeme huo, halafu huulizwa tena na tena kama iko tayari, na inaweza kuchukua hadi sekunde nzima kujibu. Kimya kikiendelea, basi swichi imeguswa na kitu kisichokuwa kadi, au vibati vina vumbi. Mwanafunzi wetu mmoja alikata boksi kwa kipimo cha kadi na kulichomeka. Taa ya "kadi ipo" ikawaka, kisha ikazima. Hapo kifaa chetu kilifanya vizuri.

Kilikosea pengine. Kila kadi ina kitambulisho cha biti 128, na ndani yake mna namba yake ya pekee. Programu nzuri hukisoma kila kadi inapoingia, na hufuta kwenye kumbukumbu yake kila ilichojua kuhusu kadi iliyopita: orodha ya mafaili, nafasi zilizo wazi, mahali pa kuendelea kuandika. Kwa maoni ya fundi, kifaa chetu kilikuwa kikiitazama swichi mara moja tu kila baada ya sekunde chache. Vidole vya mwenzetu vilikuwa vyepesi kuliko hivyo. Kikadhani kadi ni ile ile, na alipobonyeza kurekodi, kikaimwaga orodha ya kadi ya kwanza juu ya kadi ya pili.

Mwenye kifaa cha namna hiyo akizime kwanza, ahesabu mpaka 10, ndipo abadilishe kadi. Na kadi ikishaharibika asiandike kitu kingine juu yake, kwani kilichofutika kwanza ni orodha, sauti zenyewe bado zimo. Fundi aliitia kadi yetu kwenye kompyuta, akapitisha programu ya kuokoa mafaili, na darsa nyingi zilirudi, isipokuwa zile zilizofunikwa na rekodi ya jioni ile. Zimerudi bila majina wala tarehe. Kila Alhamisi tunakaa watu watatu na kuzisikiliza moja moja, tukijaribu kutambua ni ya siku gani.