Kwa nini sumu ya jiko la makaa huathiri ubongo hata baada ya mtu kuzinduka

KILA mwaka baridi inapozidi jijini Nairobi kati ya Juni na Agosti, jiko la makaa huwa na kazi mbili katika mitaa ya Kibera na Kawangware: kupikia chajio na kupasha nyumba joto.

Nyumba nyingi katika mitaa hii ni chumba kimoja cha udongo au mabati. Humo ndimo familia hupika, hula na kulala. Usiku mlango hufungwa, na nyufa zikazibwa kwa matambara ili baridi isipenye.

Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama ufanyavyo moshi wa kuni. Hata makaa yaliyokolea na kuacha kutoa moshi, ambayo wengi huyadhania kuwa salama, huendelea kuitoa.

Ingawa watu wengi wanajua kwamba gesi hii huua, si wote wanaofahamu kwamba aliyeokolewa akiwa hai anaweza kupata madhara ya ubongo siku kadhaa baadaye. Chanzo cha madhara hayo kimo ndani kabisa ya seli.

Kwanza, kaboni monoksidi hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, ndio huumia mapema.

Pili, gesi hiyo huingia katika mitokondria, yaani vinu vidogo vya seli ambavyo hutumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu, na kuvizuia kufanya kazi.

Hapo ndipo madini ya kalsiamu yanapogeuka kuwa hatari. Wengi huyajua kama madini ya maziwa yanayoimarisha mifupa, lakini katika ubongo huwa pia mjumbe wa mawasiliano baina ya seli. Kwa kawaida kiwango chake nje ya seli hushinda kile cha ndani takriban mara 10,000, na seli hutumia nguvu nyingi kuyatoa nje.

Seli hiyo ni mfano wa mashua inayovuja: haizami mradi yupo mtu wa kuyateka maji na kuyamwaga. Nguvu zikiisha, kalsiamu hufurika. Isitoshe, seli inayozidiwa humwaga kemikali ya glutamati, ambayo hufungua milango ya seli jirani na kuzifurikisha pia.

Mitokondria hujaribu kuisaidia seli kwa kuyameza madini hayo. Yakiwa kidogo, huchapusha utengenezaji wa nguvu. Yakizidi, hasa wakati vinu vimekwisha kuzibwa, elektroni huponyoka njiani na kuungana na oksijeni vibaya. Matokeo yake ni oksijeni kali, kama vile supaoksidi na haidrojeni peroksidi, ambazo huunguza mafuta, protini na chembe za urithi za seli. Hatimaye mitokondria huvimba na kutoboka, na seli hufa.

Hewa safi inaporudi, oksijeni huvikuta vinu vikiwa vimeharibika, na oksijeni kali huweza kuongezeka kwa muda. Hata hivyo, hiyo si sababu ya kumnyima mgonjwa hewa. Akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa nne hadi tano kutoka katika damu. Akipewa oksijeni tupu hospitalini, muda huo hupungua hadi saa moja hivi au zaidi kidogo.

Uharibifu huo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya baadhi ya waathiriwa kuanza kusahau, kubadilika tabia au kuyumba wanapotembea, siku mbili hadi 40 baada ya kuzinduka. Huenda jamaa wakadhani ni ulevi au ushirikina. Mgonjwa wa aina hiyo anafaa kurudishwa hospitalini, na daktari aelezwe habari za jiko.

Ifahamike kuwa kalsiamu ya chakula haina hatia katika jambo hili. Hakuna haja ya kuacha maziwa, omena wala sukuma wiki.

Linalohitajika ni tahadhari. Jiko liwashwe nje, mlango uachwe wazi wakati wa kupika, na makaa yatolewe nje kabla ya kulala. Kuweka sufuria ya maji kando ya jiko hakuondoi gesi hii.

Aidha, watu wa nyumba moja wakiumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, wasingoje kupambazuke. Watoke nje mara moja, kisha waelekee hospitalini.